Gabakulini, kichupa cha miligramu 10: nimeridhika

Niliitumia dawa hii ya maabara kwa miche ya njegere niliyoiotesha kabatini, giza totoro, nikiimwagilia maji chini ya taa hafifu ya kijani. Inayeyuka majini bila kusumbua. Kazi yake ni kuzuia utengenezaji wa ALA (asidi ya aminolevuliniki), malighafi ya klorofili na ya kile kipande kinachonasa mwanga mwekundu katika fitokromu, protini ambayo mmea huhisi mwanga kwayo. Spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, ilionyesha fitokromu imeshuka sana. Nilipoongeza ALA kwenye maji ikapanda tena, na hapo ndipo nilipoiamini dawa hii kabisa. Nilipoipeleka miche mwangani, ile yenye dawa ilibaki ya njano iliyopauka, isiyo na dawa ikawa kijani.

Bei inauma. Lebo nayo ilifutika kwa tone moja la ethanoli, kwa hiyo bandika yako mapema. Vaa glavu.