Fildi kwenye ofisi ya mawakili Mtwara mjini: nyota 4, ya 5 nimeibana

Nyota nne. Naanza na hilo maana najua wengi mnasoma mstari wa kwanza mnaondoka. Kwa atakayebaki, nawaandikia hasa nyie wa LLB (shahada ya sheria) mwaka wa pili na wa tatu mnaohangaika sahivi na barua za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na wote mnataka Dar, Posta, maghorofa, lifti, ofisi yenye mawakili ishirini halafu wewe unapewa kona ya kubandua stepo pini.

Ofisi niliyokaa ni ndogo, ipo Mtwara mjini. Wakili mwenye ofisi mmoja, mwenzake anakuja anaondoka, dada wa mapokezi, na karani mzee ambaye nitamsema sana. Jina siliweki, kule ndani kitu cha kwanza unachoambiwa ni kwamba kinachosemwa ofisini kinabaki ofisini, na hata mambo ya wateja nitakayogusia nimeyageuza asije mtu akajitambua.

Kwanza niwatoe kwenye ndoto. Ukisema chuoni unaenda fildi Mtwara kila mtu anakwambia gesi, eti utakaa na mikataba ya Madimba sijui Mnazi Bay, wazungu, bandari, mara Dangote. Sahau. Hiyo mikataba inasainiwa Dar au mbali zaidi, wewe utaishia kuona kibao cha bomba barabarani. Kazi ya pale ni ardhi, mirathi, talaka, watu na madeni yao, na korosho. Na hiyo ardhi na mirathi ukichokonoa kidogo tu unakuta chini yake kuna mkorosho.

Kuna bibi alikuja kutoka vijijini huko upande wa Tandahimba, amefika asubuhi kweupe maana yake amepanda gari bado giza. Akafungua pindo la kanga akatoa karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mpaka kwenye mikunjo imetoboka, juu imeandikwa MAUZIANO kwa peni ya bluu, chini kuna dole gumba na muhuri wa kijiji umekolea upande mmoja. Yeye anasema aliweka mikorosho yake rehani kwa misimu kadhaa alipouguliwa na mtoto, yule aliyempa hela sasa anasema kanunua shamba zima. Mimi kichwani tayari nimeshafungua notsi za sheria ya mikataba, nawaza vifungu. Wakili hakushika kitabu chochote. Akamwamkia, akamuuliza habari za nyumbani, habari za mgonjwa, halafu akauliza taratibu, "Bibi, ulipoweka dole hapa, nani alikusomea?" Bibi akakaa kimya, akasema, "Si huyohuyo aliyenipa hela." Wakili akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake, basi. Kisha akauliza ilikuwa mwaka gani, kwa sababu kudai ardhi mwisho ni miaka 12, na kama walishapita baraza la kata. Hapa wengi chuoni mnakariri vibaya. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata haliamui tena kesi ya ardhi, linasuluhisha tu, na likishindwa ndo unapewa karatasi ya kwamba imeshindikana, unaenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bibi alikuwa hana hiyo karatasi. Akarudishwa kwa upole, akaelekezwa, nikaambiwa mimi nimsaidie kuandika barua ya kata.

Akiwa anatoka ananiuliza, "Mjukuu wangu, na wewe ndo wakili?" Nikamwambia hapana bibi, bado nasoma. Akasema basi soma haraka.

Hicho ndo ninachokilipia nyota. Ofisi kubwa huyo bibi usingemuona, angeishia mapokezi au asingefika kabisa, wewe ungepata faili lake likiwa limeshachapwa na kunyooshwa, na swali la nani alikusomea ungelikuta limeshajibiwa. Hapa unaona kesi ikiwa bado haijawa kesi.

Sasa mzee karani. Jamani. Huyu mzee hajasoma sheria darasani, amekaa na mafaili miaka na miaka, na ukitaka kujua kitu muulize yeye kabla ya wakili. Wakili anajua sheria inasemaje, mzee anajua masjala ya mahakama itakwambia nini ukifika dirishani. Siku moja nimechapa hati ya kiapo, nzuri, imepangika, naenda kuprinti, mzee akaishika akaruka aya zote akaenda moja kwa moja mwisho kabisa, pale chini ambapo kamishna wa viapo, yule anayekuapisha, anasaini. Hakusoma hata sentensi moja ya juu. Anaangalia kama pameachwa nafasi ya mahali na tarehe ya kuapa, maana sheria ya kamishna wa viapo, kifungu cha 8, inataka kiapo kioneshe kimeapwa wapi na lini, na viapo vingi vimetupwa mahakamani kwa sababu ya hicho kimstari, mtu ana hoja za maana lakini maombi yanaanguka. Halafu akageuza ukurasa kutafuta jina la aliyeiandaa hati, maana nalo lisipokuwepo masjala wanaikataa. Ndo akasema haya kaprinti. Chuoni tumesoma semista nzima ya mwenendo wa madai na hakuna siku mtu alinifundisha kusoma hati kuanzia chini.

Na korosho alinifundisha yeyeyule. Mkulima anakuja analalamika hela yake ya mnada haijaingia, sasa anamdai nani? Korosho ameipeleka AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, imeenda ghala kuu kwa stakabadhi, imeuzwa mnadani chini ya chama kikuu, na chama kikuu kinategemea unatoka wapi, Newala na Tandahimba ni TANECU, Masasi na Mtwara ni MAMCU, ukivuka huku Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI. Usipojua hilo huwezi hata kuandika jina la mdaiwa, na ukimshtaki asiyehusika unaletewa pingamizi unarudi nyumbani. Unaona jinsi kitu kidogo kinavyokula kesi.

Mahakamani nimeenda, ila hapa nyota inaanza kupungua. Tulikuwa wanafunzi watatu, wengine wawili wa kiume wa chuo kingine. Mwanzoni kabisa kila kukiwa na kesi wale kaka ndo wanabeba mafaili wanaondoka na wakili, mimi nabaki mapokezi namsaidia dada kugonga fotokopi na kuchemsha chai. Hakuna aliyenitamkia kwamba wewe ni wa chai, ilikuwa tu inatokea hivyo, kila siku inatokea hivyo hivyo. Nilipouliza nikajibiwa "hukusema kama unataka kwenda." Sasa wale wenzangu walisema lini? Mzee karani ndo alimaliza, siku hiyo akanikabidhi faili mkononi mbele ya watu akasema leo anaenda huyu. Kuanzia hapo tukawa tunapokezana. Wakili si mtu mbaya, ila madada mnaokwenda ofisi yoyote, hata hizo za Dar, semeni mapema na semeni kwa sauti.

Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara inahudumia Mtwara na Lindi, kwa hiyo unaona vitu vingi kwa pamoja. Unavaa suti nyeusi au bluu nzito, shati jeupe, unakaa nyuma, simu umezima, mdomo umefunga. Wenye majoho wanaitana msomi, msomi, na wewe unajiona msomi kwa mbali. Ukweli asubuhi nyingi ni kesi kutajwa na kupangiwa tarehe, dakika tano mmetoka. Safari moja tumeenda Lindi kwa kesi ya ardhi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, zaidi ya kilomita 100, kosta imejaa mpaka mlangoni, tumefika Lindi tunaambiwa mzee wa baraza mmoja, wale wanaokaa na mwenyekiti na kutoa maoni, ni mgonjwa, haisikilizwi. Nikakasirika, nauli yenyewe kila mtu na yake. Kumbe mwenyekiti yuko sahihi, anatakiwa akae na wazee wa baraza wasiopungua wawili, na maoni yao yasomwe kabla ya hukumu wadaawa (wenye kesi) wakiwepo, Mahakama ya Rufani imeshafuta maamuzi mengi kwa sababu maoni ya wazee hayakusomwa, watu wamekaa miaka kwenye kesi wanaambiwa anzeni upya. Nilikuwa nimesoma hayo kwenye TanzLII, mtandao wenye hukumu za mahakama, nikaona ni utaalamu mwingi tu wa majaji. Ukishapanda kosta ya kwenda na kurudi ndo unaelewa kwa nini wakili alitulia akanunua pweza kwenye sahani akala.

Hela. Hamna. Wala msiulize, hawatoi posho, hawatoi nauli, ukibahatika mteja amefurahi analeta korosho za kubangua mnagawana. Wenye mkopo tegemeeni hela ya fildi ya bodi ya mikopo, na inaweza kuchelewa, kwa hiyo kama una ndugu Mtwara kaa kwa ndugu. Mimi nilikuwa kwa mama mdogo Chikongola nikawa naenda kwa mguu. Kula si shida, wali samaki kwa mama ntilie unashiba.

Ila ofisi yenyewe nayo haina hela miezi hiyo, na hii ni kitu sikuijua kabisa. Fildi zetu zinaangukia mwezi wa 7 mpaka wa 9, na minada ya korosho inaanza kuchangamka mwezi wa 10. Kwa hiyo miezi yote tuliyokuwepo wimbo ni mmoja, "wakili, tutamalizana msimu." Mteja analeta nusu, au robo, au anaacha simu yake ya batani kama dhamana, wakili anacheka anaandika kwenye daftari. Kinachoendesha ofisi muda huo ni muhuri. Watoto waliomaliza form six wanaomba mkopo wa bodi, foleni mpaka nje, kila mmoja na fomu yake inataka kusainiwa na kugongwa, nakala za vyeti zithibitishwe, majina yametofautiana cheti cha kuzaliwa kinasema Zainabu cha shule kinasema Zainab, aandikiwe kiapo. Nimechapa viapo vya majina mpaka nikawa naviota. Kuna mwenzetu alidharau hiyo kazi akasema hakuja fildi kugonga mihuri, sawa, lakini hiyo mihuri ndo ililipa umeme tuliokuwa tunatumia kuchapa hati zake. Na umeme ukikatika, kwa sababu Mtwara pamoja na gesi yake umeme unakatika, hati haiingii kwenye mfumo wa mahakama, kontro namba ya kulipia ada haitoki, na siku za mwisho wa rufaa hazisubiri. Jioni moja nimemuona mzee karani akipanda bodaboda na laptopu kwenye mfuko wa rambo kwenda kutafuta penye jenereta.

Nyota niliyoibana ni ya usimamizi. Logibuku yangu, daftari la kuandika kazi za kila siku za fildi, ilisainiwa yote siku moja, kurasa zote, bila kusomwa, huku wakili anaongea na simu. Sikupewa hata mara moja kukaa chini aniambie hii hati yako mbaya kwa sababu hii. Unajifunza kwa kuiba kwa macho na kwa kuuliza uliza, na kama wewe ni mtu wa kusubiri upangiwe kazi utamaliza fildi umejua kutumia printa tu. Supavaiza wa chuo naye alipiga simu akauliza uko salama, nikasema niko salama, tukaishia hapo. Hilo sio la ofisi, ila naliweka.

Kwa anayetaka, barua ya chuo msitume kwa imeli, haifunguliwi. Ipelekeni kwa mkono au mumtume ndugu aliyepo Mtwara, na iwe kabla ya mwezi wa 6 maana nafasi ni chache na meza ni mbili. Mkikuta wakili hayupo msiiache mapokezi, mtafuteni mzee karani kule nyuma kwenye mafaili, mwamkieni kwanza, muulizeni habari za kazi, barua itoke mwishoni. Na hakikisheni ina tarehe, ataangalia chini kwanza.