4711 kwa joto la Tanga: usinunue chupa ndogo

Aliyewahi kumenya chungwa la Muheza anaijua tayari harufu ya manukato ya 4711: ni ule mvuke unaoruka ganda likiguswa na kisu. Mna limau, chungwa na bergamoti, tunda la jamii ya limau, halafu neroli, yaani mafuta ya maua ya mdanzi, na lavenda na rozmari kwa mbali. Ni manukato ya Köln, Ujerumani; watengenezaji wenyewe wanahesabu kuanzia 1792, na 4711 ilikuwa namba ya nyumba yao mtaa wa Glockengasse.

Wanunuzi wengi hulalamika kwamba hayakai. Kweli, hayakai. Limau huondoka ndani ya robo saa, na kwa jasho la Januari, ukitoka Raskazone hadi Ngamiani kwa baiskeli, umebaki na harufu ya sabuni tu. Hujauziwa feki. Manukato ya aina hii kwa kawaida huwa na mafuta asilimia 2 hadi 5, kilichobaki ni spiriti na maji, na mafuta ya jamii ya limau ni mepesi mno. Anayetaka kunukia toka asubuhi hadi isha abaki na udi wake.

Haya ni ya kumimina. Ukishaoga na kujifuta, weka kiganjani kiasi cha kijiko cha chai, pakaa kifuani, mgongoni na mikononi. Spiriti ikiruka inachukua joto la ngozi, na ubaridi huo ndio unaoulipia. Kwa vijiko viwili kwa siku, chupa ya 400 ml inafika siku 40. Ya 50 ml haimalizi wiki, na kwa hesabu ya mililita kwa kawaida ndiyo ghali.

Usimwage juu ya jasho la mchana: hayaui kikwapa, yanachanganyika nacho. Ngozi iliyonyolewa sasa hivi itawaka. Shingoni weka kidogo ukienda juani, maana mafuta ya bergamoti na limau yanaweza kuacha madoa meusi. Na usikae karibu na jiko kabla hayajakauka.

Chupa ya kumimina haina pampu. Hamishia 10 ml kwenye kichupa cha kupulizia, utapata kama mipulizo mia ya kutembea nayo. Ile kubwa isikae dirishani. Jua huyageuza mafuta ya limau na chungwa yakanuka kama tapentaini, na ngozi huanza kuwasha. Mlango wa friji unatosha.