Kipimo cha HPV cha kujichukulia sampuli: kijiti safi, majibu ya ovyo

Nina miaka 43, na kwa miaka sita nimekuwa nikiukwepa uchunguzi wa mlango wa kizazi. Si kwa kutojua. Ni kile chuma cha baridi wanachokufungulia nacho. Niliposikia kuna kijiti cha kujichukulia sampuli mwenyewe, ya kupima HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, niliagiza siku hiyohiyo.

Kijiti chenyewe hakina lawama. Ni kama pamba ya masikioni iliyorefushwa, kina alama nyekundu ya kukuonyesha uishie wapi. Unakiingiza ukeni, unakizungusha taratibu kama nusu dakika, unakitumbukiza kwenye kichupa, unafunga, basi. Nilifanyia bafuni, mguu mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakikuuma. Nilihofia sijafika kunakotakiwa, kumbe si lazima kuugusa mlango wenyewe: maabara ikitumia PCR, kipimo tulichokizoea tangu enzi za korona, sampuli ya kujichukulia inakaribiana sana na ile ya muuguzi. Shirika la Afya Duniani limeikubali kwenye mwongozo wake wa 2021.

Shida ilianza na majibu. Ijumaa jioni, ujumbe kwenye simu: "HPV: CHANYA. Muone daktari." Hayo tu, hata aina ya kirusi hawakutaja. Chanya! Neno tunalomsifia mtu mwenye fikra njema. Siku mbili nzima nilijihesabu mgonjwa wa saratani na, niseme tu ukweli, mume wangu nilimtazama kwa jicho baya.

Daktari ndiye aliyenituliza Jumatatu. Kukutwa na kirusi si kukutwa na saratani. Wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Aina za kuogopwa zaidi ni 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na hata hizo, kwa mwenye kinga nzuri, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufika huko. Tena kinaweza kujificha mwilini miaka mingi, kwa hiyo hakimtaji aliyekileta. (Mume nilimwomba radhi.)

Jambo jingine boksi lao limelitupa kwenye maandishi ya sisimizi: ukikutwa nacho, chuma cha baridi kinakusubiri palepale. Kijiti kinatafuta kirusi tu. Seli zilizoanza kuharibika hakizioni, lazima mtu autazame mlango wa kizazi. Nikapanda kile kitanda. Dakika tano, pakaonekana pasafi.

Kijiti nakipa nyota tano, majibu nyota moja. Nimeambiwa nirudie baada ya mwaka. Nitajichukulia sampuli vilevile, ila safari hii nitaipeleka kwenye maabara yenye mtu wa kupokea simu.