Superman wa 1938 ndani ya jarida la 1974: leo natumia rula

Wadau, karibuni tena. Leo sina kitu kipya mezani. Nina jarida hili la katuni hapa, hebu liangalieni, karibu linifunike kifua chote. Na rula ile pale pembeni sijaisahau, ina kazi yake, subirini.

Hili ni Famous First Edition la kampuni ya DC, lilitoka 1974 kwa dola 1. Ndani wamerudia Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ile iliyomtoa Superman kwa mara ya kwanza, ukurasa kwa ukurasa, mpaka na matangazo ya biashara ya enzi hizo. Lile la asili liliuzwa senti 10. Mwaka 2024 nakala yake moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6, kwa hiyo sisi tusome hili hili tu.

Nafunua jalada la nje, lile gumu. Chini yake ndiyo hili sasa. Ngoja nisogeze kamera. Jamaa kavaa nguo za kubana, joho jekundu mgongoni, kanyanyua gari la kijani analibamiza kwenye mwamba. Tairi limeshachomoka. Huyu wa mbele kashika kichwa, macho yamemtoka, anakimbia kuja upande wetu. Haya, nitafutieni jina la Superman kwenye jalada hili. Halipo! Mtoto wa 1938 akiliona hajui huyu mtu ni mwema au ni jambazi, wala gari limemkosea nini. Lazima atoe senti 10 zake ndiyo ajue. Joe Shuster hapo alichora swali, na mimi sijaona jalada la miaka ile linalouliza vizuri kuliko hili. Cha ajabu, Superman hakurudi jaladani mpaka toleo la 7.

Ndani, hadithi yake ni kurasa 13 tu. Zilizobaki ni za wengine, yumo mpaka Zatara mwanamazingaombwe, na nyingi nimezipitia juujuu, sitawadanganya. Asili ya Superman imemalizwa ndani ya ukurasa mmoja: sayari imekufa kwa uzee, kichanga kikarushwa angani, kikaokotwa, kikapelekwa kituo cha yatima. Jina Krypton halijatajwa. Na kupaa bado hajui, anachupa kama panzi, mita 200 hivi kwa mruko mmoja.

Geuza ukurasa. Usiku, kabeba mwanamke aliyefungwa kamba, anakimbilia kwa gavana. Mwanamke gani? Kafanya nini? Hakuna anayekuambia, unaingia katikati ya mbio. Wapo wakusanyaji wanaosifia hapa kwamba ndipo ulipozaliwa ufundi mpya wa kusimulia. Mimi nasema ulizaliwa na mkasi na gundi. Mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Shuster walikuwa wameiandaa kazi hii kama katuni ya gazetini, vipande vikakatwa na kubandikwa upya vienee kurasa za jarida, mwanzo ukaachwa nje. Tuliuona 1939, kwenye Superman namba 1. Lakini hata kama ni bahati, inanoga! Haki zote waliuza dola 130, na hapo huwa nanyamaza kidogo.

Najua kuna mtu ataandika chini hapo kwamba Superman si shujaa wa kwanza wa katuni, "The Phantom alitangulia, 1936." Kweli kabisa, tena kwa nguo za kubana. Ila yeye alikuwa mtu wa kawaida, wa gazetini. Gari hakunyanyua.

Kasoro sasa. Haliingii rafu yoyote niliyonayo, na karatasi za ndani zinageuka kahawia. Langu linanuka kabati la bibi.

Na rula? Wapo matapeli wanaochana jalada la nje, wanabaki na la ndani lenye "Juni 1938" na senti 10, wanakuuzia kama la asili. Pima kwenda juu. La asili halifiki sentimita 28. Hili... moja kwa moja, 34. Muuzaji akikukataza kupima, mrudishie jarida lake, rula rudisha mfukoni.