Bastola ya kwanza: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Ninamwandikia mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga au wa viazi wa Uyole anayerudi nyumbani jioni na fedha za mauzo, ambaye hajawahi kumiliki silaha. Kibali kwanza: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka uwe umetimiza miaka 25, na hupaswi kulipia bastola kabla polisi hawajakuruhusu.

Namba moja ninaipa Glock 19, ya Austria. Inatumia risasi za milimita 9, magazini yake (kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mshikio) hubeba 15, na ikiwa tupu ina uzito wa gramu 600 hivi. Triga yake, yaani kifyatulio, huvutika vilevile kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho, na hilo humsaidia sana anayejifunza. Mshikio wake ni wa plastiki ngumu, faida kubwa kwa anayeishi Tukuyu, kwenye mvua na ukungu. Ila jua hili mapema: ya kawaida haina kitufe cha usalama ubavuni. Kinga ya nje iko kwenye triga yenyewe, kwa hiyo nunua mfuko mgumu unaoifunika triga kabisa, na kidole kikae nje mpaka umeamua kufyatua. Asiyeweza kujizuia hapo asiinunue.

Ya pili ni CZ 75, iliyobuniwa Chekoslovakia. Ni chuma kitupu, kilo moja hivi, na uzito huo hulimeza teke, mkono usiruke. Kutwa nzima kiunoni inachosha, na kwenye unyevu wetu isipopakwa mafuta itashika kutu.

Rivolva fupi ya risasi za .38, bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ni ya tatu. Wazee wengi huisifu kwa kuwa haina mambo mengi: risasi isipolia, unavuta tena, silinda inaleta nyingine. Ni kweli. Lakini triga yake ni nzito, na asubuhi ya Julai kule Makete, vidole vikiwa vimekufa ganzi, utaivuta na kulenga pembeni. Nyingi hubeba risasi 5 tu.

Vibastola vidogo vya mfukoni, kama Ruger LCP, viache. Mgeni huvipenda kwa wepesi, kisha akifyatua vinamrusha mkono, na alama za kulengea ni ndogo mno. Hivyo ni vya aliyekwisha kuzoea.

Dukani, kabla ya kuipima mkononi, elekeza mtutu pasipo na mtu, toa magazini, ndipo uvute kifuniko cha juu na kuchungulia chemba, tundu linalokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa. Ukianza na chemba, magazini itaingiza risasi nyingine.

Tenga pia fedha za kasha la chuma la kufungwa ukutani. Risasi zihifadhiwe kwingine kwa kufuli lake. Ufunguo usiuweke juu ya kabati, watoto hupajua. Mimi wangu natembea nao.