Kichwamaji na Mashetani: vitabu viwili vya watu waliolemewa

Ukitaka kuona fasihi ya Kiswahili ikimwonyesha mtu anayelemewa na mawazo mpaka anashindwa, anza na riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa hapa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1974, na tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein ya 1971.

Kichwamaji inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, na hapo ndipo ilipopata nguvu. Hakuna msimulizi wa pembeni wa kutuambia kwamba kijana huyu alihuzunika. Dada yake Rukia anatiwa mimba na Manase, kisha anafariki, naye Kazimoto anaendelea na sauti ileile kavu, akibishana kuhusu Mungu na maana ya kuishi. Ukavu huo ndio dalili. Anayesoma mbiombio atamwona kama mtu asiyejali, na hatima yake itamshtukiza. Riwaya inagusa kujiua, kwa hivyo aliye katika kipindi kigumu asiisome peke yake. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba maumivu ya Rukia tunayapata kupitia kinywa cha kaka yake tu.

Tamthilia haina msimulizi, kwa hivyo Hussein ameutoa msongo nje na kuufanya mchezo: Juma anaigiza shetani, rafiki yake Kitaru binadamu. Mchezo unakwisha, ila kwa Kitaru haumtoki kichwani, hadi anaugua. Chini yake kuna jambo wasiloweza kuambiana waziwazi: ukoo wa Juma ulipoteza mali baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wa Kitaru umepanda.

Vikundi vya kuigiza huharibu hapa. Juma anavikwa pembe, taa nyekundu zinawashwa, na watazamaji wanabaki kumtafuta jini badala ya kuiona ile mali. Avae shati lake la kawaida na acheke kama rafiki anayetania, kisha kicheko kipitilize kidogo, mpaka Kitaru aache kutabasamu. Kitaru naye asianze kwa kutetemeka. Mwigizaji akimaliza sauti yote katika onyesho la kwanza, hatakuwa na cha kuongeza ugonjwa ukimshika. Mwanzoni amalize sentensi ndefu kwa pumzi moja. Baadaye pumzi ikatike katikati ya sentensi, mikono ikiwa imetulia tuli. Wazazi wake nao wasigeuzwe vichekesho, maana hofu yao ni ya kweli.

Mafumbo ya Mashetani ni mazito, na ukiisoma kimyakimya nusu yake itakupita. Tafuteni wawili, msome kwa sauti, kisha mbadilishane nafasi ya Juma na Kitaru. Mwenye pesa ya kitabu kimoja tu na asiye na kikundi achukue Kichwamaji.