Dungu langu la kwanza la kuwindia kulungu Kentucky: kwa nini nilichagua la ngazi

Tangu ndugu na jamaa hapa Lexington waanze kula nyama ya kulungu nyumbani kwangu, swali limekuwa lilelile: nami nikitaka kuanza kuwinda, ninunue dungu gani? Jibu langu ni dungu la ngazi, lenye urefu wa futi 15 hivi, la kuegemezwa kwenye mti ulio hai na kufungwa kwa mikanda. Pamoja nalo ununue siku hiyohiyo mkanda wa mwili mzima wa kukushika ukianguka, na kamba ya usalama ya kutoka chini mpaka juu. La kwangu lipo kwenye shamba la mzee mmoja anayelima soya nje ya mji. Nimelikalia kwenye baridi na mvua, na nimekalia pia ya wenzangu ya aina nyingine, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Aliyekulia kijijini kwetu anajua kukaa dunguni akifukuza ndege kwenye mpunga. Hapa kazi ni kinyume chake, kukaa kimya kabisa ili mnyama aje. Kulungu wa huku, mwenye mkia mweupe upande wa chini, ana pua kali sana kuliko macho yake. Ukiwa juu, harufu yako haimfikii upesi kama umesoma upepo vizuri, na unamwona akiwa bado mbali. Hana mazoea ya kutazama juu, ingawa chuma kikilia atatazama, na akishakuona hapo huna windo tena siku hiyo.

Dukani utakuta aina nyingi, lakini za mtini ni nne hasa.

Kuna dungu la kupandia, lenye vipande viwili, cha juu cha kukalia na cha chini cha kukanyagia. Unauzungushia mti, unainua cha juu kwa mikono, unavuta cha chini kwa miguu, hivyo hivyo mpaka unafika. Summit Viper, ambalo rafiki yangu analo, lina uzito wa kilo 9 hivi na unalibeba mgongoni. Kwa anayewinda kwenye ardhi ya umma ni zuri sana, maana unaingia nalo na kutoka nalo. Shida yake ni mti. Linataka mti ulionyooka usio na matawi chini, na mti wa namna hiyo huupati kila mahali. Tulip poplar, ambao ndio mti rasmi wa jimbo la Kentucky, unafaa mno kwa sababu unapanda juu kama nguzo ya umeme. Lakini ule hickory wenye magome yanayobanduka vipande vipande usiuguse, maana dungu linashika gome badala ya mti wenyewe. Jambo jingine: vile vipande viwili lazima viunganishwe kwa kamba. Kile cha chini kikikuponyoka miguuni bila kamba, unabaki umekaa juu na huna njia ya kushukia. Kwa mtu anayeanza, akiwa amevaa nguo nzito gizani saa kumi na moja alfajiri, naona ni mambo mengi mno kwa wakati mmoja.

La pili ni dungu la kutundika, jukwaa dogo linalofungwa mtini kwa mkanda au mnyororo, na vipande vya ngazi vinafungwa kimoja kimoja chini yake. Ni jepesi na linajificha vizuri. Linanitia wasiwasi pale unapotoka kwenye ngazi kuhamia jukwaani, mguu mmoja huku na mwingine kule. Aina ya tatu ni ule mkanda mpana wa kukalia, ambao mwindaji anauvaa kiunoni na kuning'inia akiegemea mti. Vijana wanaupenda na wana haki, kwa sababu unaweza kuwinda mti wowote. Ila unahitaji ujuzi wa kamba na mafundo, na ujuzi huo ufanyie mazoezi karibu na ardhi kwa muda mrefu kabla ya kupanda.

La ngazi ndilo la nne. Unapanda kama unavyopanda paa la nyumba, mikono miwili na miguu miwili, na ukifika juu unageuka na kukaa. Halihitaji mti ulionyooka sana, mradi shina ni imara pale linapoegemea.

Sasa kuhusu la kwangu. Ni la chuma, la mtu mmoja, uzito kama kilo 27, na lilinigharimu dola 150 na ushee. Kwenye boksi imeandikwa linabeba paundi 300, yaani kilo 136. Hesabu hiyo ni ya kila kitu: mwili, koti, buti, begi na bunduki. Kama wewe ni mtu mnene, pima ukiwa umevaa vyote kabla hujanunua.

Angalia pia urefu unaotangazwa. Makampuni mengine yanapima mpaka kwenye kile chuma cha mbele cha kuegemezea bunduki, siyo mpaka pale miguu inapokanyaga. Kwa hiyo "futi 15" inaweza kumaanisha miguu yako iko chini zaidi ya hapo. Mimi sina tatizo na hilo. Kadiri unavyokwenda juu ndivyo risasi au mshale unavyoingia kwa mshazari mkali, na mapafu yote mawili yanakuwa magumu kupata. Ukiwa chini kidogo, una nafasi nzuri zaidi ya kumwua mnyama upesi bila kumtesa. Hili kwangu ni jambo kubwa kuliko kujificha.

Kiti cha wavu kimenifaa kuliko kile cha sponji ambacho jirani yangu wa msituni alikuwa nacho. Sponji hunyonya maji ya mvua, na kindi hulichana kwa meno. Wavu unakauka, na ukikaa muda mrefu mapaja hayafi ganzi. Kile chuma cha mbele kinasaidia sana kwa bunduki, lakini kwa upinde kinazuia mkono, kwa hiyo chagua kinachoweza kuinuliwa na kurudishwa nyuma.

Kasoro ya kwanza ni kelele. Viungio vya ngazi vililia kila nilipohamisha uzito, na kwenye asubuhi ya baridi isiyo na upepo sauti ile inafika mbali. Nilikaza kila nati upya, nikaweka washa za plastiki kati ya vyuma, na nikazungushia mkanda wa kitambaa mahali pote ambapo bunduki au kifungo cha koti kingeweza kugonga. Sasa limetulia. Kasoro ya pili ni uzito. Dungu hili huliwezi peke yako. Tulikuwa watatu, mmoja akikanyaga mguu wa ngazi chini, wawili wakiinua. Usijaribu na mtu mmoja tu.

Kuna dakika moja ya hatari katika kulisimamisha, nayo ni pale mtu anapopanda kufunga mkanda wa juu wakati ngazi bado haijafungwa. Ndiyo maana nawashauri mlipe zaidi kidogo mpate lile lenye taya za chuma juu, zinazobana shina kwa kuvutwa ukiwa bado umesimama chini. Halafu funga nguzo ya katikati inayotoka kwenye ngazi kwenda mtini, pitisha mikanda kwa msalaba, kisha ndipo upande.

Mti nilioutumia ni mwaloni mweupe ukingoni mwa shamba. Uko hai, shina lake nene, na matunda yake kulungu wanayafuata sana vuli. Jihadharini na miti ya ash. Mdudu wa kijani anayetoboa miti hiyo aligunduliwa Kentucky mwaka 2009, na ash nyingi zimesimama zikiwa zimekufa. Kwa nje mti unaonekana mzima, kumbe ndani umekauka na unavunjika ghafla.

Kwenye upepo, niliangalia unatoka wapi mara nyingi, nikakaa upande ambao unanipeperusha mbali na njia yao. Asubuhi jua likipasha, hewa inapanda juu, na jioni inateremka mabondeni na harufu yako nayo. Dungu langu liko juu kidogo ya bonde, kwa hiyo linanifaa asubuhi kuliko jioni.

Sasa usalama, na hapa naomba mnisikilize. Watu wengi huanguka wakiwa wanapanda, wanashuka, au wanahama kutoka ngazi kwenda kwenye kiti, siyo wakiwa wamekaa. Kwa hiyo mkanda unaofungwa baada ya kufika juu umekulinda nusu ya safari tu. Kamba ya usalama inafungwa juu ya kichwa chako na inashuka mpaka ardhini, ikiwa na fundo la Prusik unalolisukuma kwa mkono unapopanda. Likivutwa kwa uzito linabana papo hapo. Unajifunga miguu ikiwa bado chini na unafungua ukirudi chini. Inauzwa kama dola 40. Mkanda wa mwili ulikuja ndani ya boksi na unafanya kazi, ila umejaa ncha za mikanda zinazoning'inia na kujisokota gizani. Nilinunua mwingine wenye fulana ya kuvaa, na sasa hauachwi nyumbani. Hakikisha una ule utepe wa kukanyagia, kwa sababu mtu akining'inia muda mrefu damu hukwama miguuni na anaweza kufa akiwa hajaumia popote. Soma tarehe iliyo kwenye lebo, mikanda hii ina mwisho wake. Na bunduki usipande nayo. Iwe haina risasi, ivutwe kwa kamba baada ya wewe kukaa na kujifunga.

Kabla ya yote haya, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye anatakiwa kuwa na kadi ya mafunzo ya uwindaji hapa Kentucky. Msimu wa bunduki, kichwa, kifua na mgongo vinafunikwa na rangi kali ya chungwa. Kwenye maeneo ya wanyamapori ya serikali misumari na skrubu mtini haziruhusiwi, na dungu la kuachwa lina masharti yake, soma kitabu cha msimu husika. Nyama hairuhusiwi kuuzwa. Mnakula na kugawiana.

Kama huna shamba la mtu aliyekupa ruhusa, usinunue la ngazi. Litakuchosha kulibeba. Chukua la kupandia, ujifunze taratibu futi tatu kutoka ardhini mpaka mwili uzoee. Lakini kama una mzee kama wangu, anayefurahi kila kulungu wa soya yake akipungua, nenda naye mkachague mti kabla majani hayajaanguka, na mmuulize tawi lipi anaruhusu kukatwa.

Msimu ukiisha Januari mimi nalegeza mikanda yote, kwa sababu mti unanenepa na mkanda uliokazwa unazama kwenye gome. Agosti naivua ile iliyopauka na jua naweka mipya, inauzwa dola chache tu, ndipo napanda tena nikiwa nimefungwa kwenye kamba.